Ukikufa Leo, Utaenda Wapi?

Mwaka huu nilirudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kumzika bibi yangu, na mtu wa kwanza kunisalimu hakuniita kwa jina langu. Nilikuwa sokoni nanunua ndakala, wale dagaa wakavu, za kupeleka kwenye matanga, mara sauti ikaita kutoka upande wa wauza mawese: "Siyui! We Siyui, umefika?"

Alikuwa msichana niliyesimama naye kwenye mstari wa wabatizwa, sasa mama mzima, mtoto amelala mgongoni mwake. Tukakumbatiana. Akanipa pole, akalia kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya kikwembe alichojifunga, kisha akashindwa kujizuia.

"Ile jibu, ulipata?"

"Bado."

"Bado? Na bitabu byote unaandika? Basi unaandikaka nini mule?"

Nilicheka peke yangu njia nzima hadi nyumbani, katikati ya msiba. Jina hilo, yaani sijui kwa Kiswahili cha kwetu, nilipewa nikiwa darasa la sita, na sijawahi kulikana. Lakini ili nikueleze lilivyonipata, rafiki yangu, lazima kwanza nikupeleke kijijini Lubondja, kwa bibi, kwenye mihogo.

Kila vakansi kubwa, likizo ndefu ya shule, mama alinituma huko. Ni majira ya vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na asubuhi baridi inakulazimisha kukaa karibu na mafiga. Bibi alilima mihogo michungu, ile yenye sumu, isiyoliwa bila kulowekwa. Tuliibeba kwa vikapu mpaka mtoni, tukaitumbukiza kwenye kidimbwi kilichozungushiwa mawe, tukaifunika kwa majani. Baada ya hapo ilikuwa kungoja. Harufu ndiyo iliyoanza kubadilika, ikawa chachu, nzito, inayokaa kwenye nguo hata ukizifua. Mpaka leo nikiipata harufu hiyo mahali, natamani ugali.

Kazi yangu ilikuwa kwenda kuangalia. Nikirudi, bibi aliuliza: "Imeiva?"

"Imeiva, bibi."

"Umegusa?"

Hapo ndipo penye kazi. Mihogo ya juu inaweza kulainika ilhali ya chini bado ni ngumu kama kuni. Ilibidi uingize mkono mpaka kwenye bega, ndani ya maji yale yanayoteleza, uubinye kila muhogo kwa kidole gumba mpaka kidole kizame. Watoto tulichukia. Ilikuwa rahisi kutazama tu kutoka ukingoni na kusema ndiyo. Jirani wa bibi alimtuma binti yake, binti akatazama kutoka ukingoni akasema ndiyo, mihogo ikapikwa, na jioni nyumba nzima ilitapika. Walipona wote, lakini tangu siku hiyo bibi hakuchezea swali lake.

"Kama haujagusa, sema siyui," alituambia. "Nitaenda mi mwenyewe. Sitakupiga juu ya siyui. Nitakupiga juu ya ndiyo ya bure. Na haiko mihogo tu. Ni kitu yote."

Nililishika neno hilo kwa moyo wote wa mtoto anayempenda bibi yake. Muuza chumvi akiniuliza kama mama yuko nyumbani, nilikwenda kuchungulia kwanza. Mwalimu shuleni alidhani mimi ni mzito wa akili.

Mwaka ule wa darasa la sita nilirudi Baraka nikiwa na hamu moja tu: ubatizo. Kanisa letu lilibatiza ziwani, na kwangu hakukuwa na siku nzuri kuliko ile. Ngoma, kwaya ya bamama kwenye mchanga, watu kutoka Lweba wakija kwa miguu wameshika viatu mkononi. Aliyebatizwa aliruhusiwa kuingia kwaya ya vijana, nami nilikuwa nimejifunza sauti ya pili ya nyimbo zao zote kwa kusimama nje ya dirisha. Mama, ambaye ndiye aliyeanzisha nyimbo katika kwaya ya bamama, alikuwa amenishonea gauni jeupe. Kuku wawili walikuwa wamefungwa miguu jikoni.

Kabla ya maji kulikuwa na maswali. Mchungaji aliketi mbele na wazee wa kanisa, sisi tukapita mmoja mmoja. Alikuwa mtu mwema, mrefu, anayecheka na mabega. Swali lilikuwa moja kwa wote, nasi tulilijua.

"Ukikufa leo, utaenda wapi?"

"Mbinguni," akasema msichana aliyenitangulia, haraka, kama mtu anayetaja jedwali la mbili.

"Unayua?"

"Nayua."

Kisha ikawa zamu yangu. Nilifungua mdomo, na badala ya jibu nikasikia lile swali la bibi. Umegusa? Nilitafuta ndani yangu mahali ambapo kidole kimezama. Sikupaona.

"Siyui, pasta."

"Hajasikia swali," akasema mzee mmoja.

"Nimesikia, baba. Siyui."

"Unaogopa?" akaniuliza mzee.

"Kidogo."

"Usiogope. Sema tu mbinguni. Benzako bote banayua, we peke yako juu ya nini hauyui?"

"Sijagusa."

Wazee wakatazamana. "Mbingu haiko kitu ya kugusa," akasema yule mzee, na nyuma yangu wenzangu wakaanza kucheka. Mchungaji hakucheka. Akaniambia nirudi nyumbani, atakuja.

Habari ilifika kabla yangu. Jirani yetu muuza mandazi alikuwa tayari kwenye ua, mikono kiunoni. "Mama, nasikia mutoto wako amekataa mbingu? Basi atuachie nafasi yake, sisi tuko wengi." Mama alinishika mkono. Aliniingiza ndani, akaniketisha mbele ya gauni jeupe.

"Ni neno moja tu. Mi nililisema, bibi yako alilisema, tuko wazima. Unataka nisimame mbele ya bamama niimbe namna gani, mutoto wangu iko inje?"

Unaona jinsi nilivyobanwa. Sikuwa nikimkataa Mungu. Nilitaka lile ziwa, nilitaka ile kwaya, na zaidi ya yote nilitaka mama asinitazame vile. Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Lakini kila nilipolijaribu mdomoni lilikuwa kama kusimama ukingoni na kusema ndiyo.

Bibi alishuka kutoka Lubondja kwa pikipiki siku moja kabla ya ubatizo, ameshikilia gunia la unga. Moyo wangu ulitulia. Nilijua atanitetea. Jioni, jua halijazama, mchungaji akaja, mama akatenga ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, tukala sote pamoja.

"Mutoto wangu," mchungaji akaniambia, "acha neno nayua. Sema naamini. Hiyo inanitosha."

Mama alishusha pumzi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ningeweza kupita nikakimbilia ziwani. Nikatafuta tena, kwa uaminifu, mpaka chini.

"Hiyo pia siyui, pasta."

Mama akaweka tonge chini. Bibi ndiye aliyenigeukia, amekasirika. "Mi nilikufundisha mambo ya mihogo. Nilikutuma upime nayo Mungu?"

"Ulisema ni kitu yote, bibi."

"Nilisema."

Akamega ugali, akautafuna muda mrefu. "Nilisema," akarudia, taratibu. Yeye aliamini, tangu usichana wake. Aliamini namna anavyopumua, na hakuwahi kuwaza kwamba neno lake linaweza kumfikisha mtu pale nilipofika.

Mchungaji alinawa mikono, akajifuta. "Mama, siwezi," akamwambia mama yangu. "Nikimutia mu mayi na neno lako, nimekubatiza we mara ya pili." Mabega yake yakatikisika kidogo, lakini haikuwa kicheko. Akanishika kichwani. "Siku utayua, njoo."

Tulipokuwa tunaosha vyombo bibi alinisogelea. Hakunisifu. "Sikia. Usiseme siyui na kiburi. Na mwenye kusema siyui halafu anakaa chini, ule ni muvivu. Kesho unarudi mu mutoni, unagusa tena."

Siku ya ubatizo nilikwenda ziwani. Nilikataa kubaki nyumbani. Nilisimama pale maji yanapoishia na vikwembe vikavu vya wenzangu mikononi, na kila aliyetoka akitetemeka nilimfunika. "Maji iko baridi, Siyui," rafiki yangu mmoja akaniambia huku meno yakigongana, na jina likazaliwa hapo. Mama aliimba bila kunitazama. Lakini watu walipotawanyika alikuja, akachukua nusu ya nguo zilizolowa kutoka mikononi mwangu, akazitupia begani, juu ya sare yake mpya, tukatembea kwenda nyumbani. Kuku tuliwala.

Miaka ilipita ndipo nikajua kwamba kuna wengine kama mimi. Mwalimu wetu wa filosofia, mwaka wa mwisho wa sekondari, aliandika ubaoni *agnosticisme*, akaligawa neno kwa chaki: kipande kimoja cha Kigiriki maana yake bila, kingine maana yake kujua. Akasema lilitungwa na mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, katika karne ya kumi na tisa, aliyejikuta kati ya wasomi ambao kila mmoja alikuwa na jina la kile alichokuwa na hakika nacho. Yeye hakuwa na hakika hiyo, basi akajitungia jina. Jambo lenyewe ni la kale zaidi, akasema, Wagiriki na Wahindi walilifikiri kabla ya neno kuwepo.

"Basi ule ni mupagani, mwalimu," mvulana mmoja akasema.

"Hapana. Mwenye kusema Mungu iko, anasema anayua. Mwenye kusema Mungu haiko, naye anasema anayua. Huyu anabauliza bote mbili: muliyua namna gani? Hiyo haiko dini. Ni namna ya kutembea."

Darasa zima likanigeukia. Nilikuwa natabasamu kama mjinga. Mtu wa mbali, na ndevu zake na vitabu vyake, alikuwa ameinamia kidimbwi kilekile.

Leo mengi hayapo. Ziwa limepanda, limemeza ule mchanga wa ubatizo, na mahali tulipoimba sasa wavuvi wanafunga mitumbwi. Lubondja vidimbwi vimejaa nyasi. Watu wengi wananunua unga uliokwisha kusagwa, na hakuna mtoto anayetumwa kuingiza mkono mpaka kwenye bega. Na bibi hayupo. Sauti ya mchi wake asubuhi, ile iliyoniamsha kabla ya jogoo, hakuna tena mwenye kuitoa vile.

Tulimzika kwenye kilima cha Lubondja. Mchungaji yuleyule, mvi tupu, alisimama juu ya kaburi akasema: tunayua mama yetu iko wapi. Bamama wakaitika. Sijawahi kutaka neno lolote kama nilivyolitaka neno hilo. Ningelipata bure, palepale, na lingenifuta machozi. Nilitafuta tena mpaka chini, kama bibi alivyonifundisha.

Mama, aliyekuwa kando yangu, alinitazama. "Hata leo?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hata leo, mama."

Kisha akaukamata mkono wangu kwa nguvu, akaanzisha wimbo, na hakuniachia mpaka udongo wa mwisho ulipotupwa. Niliimba sauti ya pili.