Jalidi ya Bondeni kwa Zamfira

Zamfira hakusahau. Wangependa asahau, maana waliocheka siku ile ni wengi, na baadhi yao bado wana meno ya kuchekea.

Alikuwa bi harusi mgeni. Kwetu, siku tisa za mwanzo wa Machi, kila mwanamke hujichagulia siku yake, na hali ya hewa ya siku hiyo ndiyo moyo wake. Jua likiwaka, ana moyo mwema. Zamfira akachagua siku ya nne. Siku ya nne ikanyesha mvua ya barafu mpaka kuku wakakataa kutoka bandani. Wifi yake Veturia, dada wa mumewe, akazunguka nyumba hadi nyumba: "Jamani, kaka yangu ameoa baridi!" Siku ya Veturia mwenyewe jua lilichungulia tu kama mwizi dirishani, lakini nani angethubutu kusema?

Mzee, baba mkwe wake, alipogawa shamba la miti ya matunda ya plamu, Veturia akawahi mteremko. "Bonde nimekuachia wewe, wifi. Kila mtu anajua mlimani ndiko kwenye baridi." Na Zamfira akamshukuru. Akambusu mkono! Busu hilo lilimkaa kooni kama mfupa.

Maana kila Aprili, miti ikishachanua, ilikuja alfajiri moja ya jalidi, umande ukaganda kuwa barafu juu ya majani, na maua ya Zamfira yakawa meusi kama yamepitishwa motoni. Ya Veturia, huko juu, yakazaa mpaka matawi yakawekewa nguzo. Na kijiji kikasema nini? Kwamba ardhi ni mbaya? Thubutu! Kikasema ni moyo wake unaounguza maua. Walisema hivyo watu wazima, wanaobusu sanamu za watakatifu kila Jumapili.

Alivumilia miaka yote hiyo, hadi akawa bibi. Kisha mjukuu wake Smaranda akachumbiwa, harusi iwe baada ya Pasaka, na Veturia akasema kisimani mbele ya wanawake wote: "Mkono unaounguza maua usikande mkate wa harusi." Mama wa bwana harusi, mwanamke mwoga hata wa kivuli cha paka wake, akatuma ujumbe: afadhali akande Veturia.

Mkate wa mjukuu wake mwenyewe! Hapo Zamfira akavaa viatu, akaenda sokoni, akarudi na vipimajoto viwili.

Akavitundika kisimani kwa pamoja, kivulini. "Njooni muangalie. Vinasema sawa au havisemi sawa?"

"Sawa," akasema jirani yake Glicheria. "Kama mapacha. Sasa unataka kupima homa ya kisima?"

"Nataka kupima uongo."

Kimoja akakifunga kwenye mti wa Veturia, kingine kwenye mti wake, urefu wa kifua vyote viwili. Halafu akangoja. Mawingu yakiwepo, alisema, haina maana kupima; wingu ni blanketi, ardhi hulala na joto lake. Upepo nao hukoroga hewa ya juu na ya chini. Alitaka usiku wa anga tupu, uliotulia. Usiku kama huo ardhi hupuliza joto lake lote angani, hewa iliyoigusa inapoa, inakuwa nzito, inateremka mlima polepole kama maziwa, mpaka inajaa bondeni. Nani asiyelijua hilo? Sote tumepanda njia ya mlimani asubuhi, tukasikia mashavu yakipata joto kadiri tunavyopanda. Tulisikia tukanyamaza, kwa sababu kusema ingekuwa kumtetea Zamfira.

Usiku huo ulikuja. Kabla ya jua kuchomoza tulikuwa shambani kwake, tukichoma majani mabichi ili moshi ufunike maua, na moshi wenyewe ukapanda kidogo tu, ukalala juu ya vichwa vyetu kama mfuniko. Kipimajoto chake kilionyesha nne chini ya sifuri. Tukapanda kwa Veturia. Mbili juu ya sifuri, na umande wake maji matupu.

Veturia akatoka na shali begani. "Kipimajoto chako kimeiga moyo wako, wifi!"

"Basi beba hicho cha kwako. Shika kamba, usikishike tumbo, usije ukakipa joto la ulimi wako."

Glicheria akacheka mpaka akashika mti. Veturia akakifungua, akateremka mbele yetu huku akikitazama. Mbili. Moja. Kwenye ukuta wa mawe, sifuri. Alipofika penye moshi akasimama, na ule uzi mwekundu wa ndani ya kioo ukaendelea kushuka mpaka ukawa sawa na wa pacha wake.

"Soma," akasema Zamfira.

"Nne," akasema Veturia. "Chini."

"Umeshika wewe au nimeshika mimi?"

"Mimi."

"Basi ni moyo wa nani?"

Mama wa bwana harusi, aliyekuwa nyuma yetu, akasema kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo: "Mama Zamfira, unga wa mkate utautaka lini?"

"Leo," akasema Zamfira. Veturia akanyoosha mkono, akaanza, "Wifi, nisamehe..."

"Nimekusikia," Zamfira akamjibu, akaenda kuosha mikono. Kusamehe hakusamehe, na mimi simlaumu.