Nilipima Kisu, Sikupima Damu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika laboratwari ya hospitali moja hapa Kasongo, Mkuu wa Laboratwari alinichoma kidole kabla hajaniuliza jina. Aliivuta damu yangu ndani ya neli ya kioo nyembamba kama unyasi, akaweka saa yake mezani, akasema: "Kila nusu dakika vunja kipande. Usiache mpaka uone uzi." Nikavunja cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilipovunja cha saba, vipande viwili viliachana na uzi mwekundu ukabaki katikati yao. Hapo damu ilikuwa imeganda. Ndipo akaniuliza naitwa nani, nikamwambia Zaina.

Nawaandikia vijana mnaosomea kazi hii sasa. Mashine zenu hutoa namba upesi, na sina ugomvi nazo. Ila nataka mjue kosa nililofanya nikiwa na vipimo vyote mkononi, kwa sababu mnaweza kulifanya hata na mashine.

Mkuu yule alikuwa mtu wa maneno machache, lakini ukimtajia damu alisahau chakula. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ini hutengeneza protini za kugandisha damu, na kwamba protini hizo zikitoka tu hazifai kitu. Lazima kimeng'enya fulani, yaani protini inayofanya kazi juu ya protini nyingine, kizibandike kucha ndogo ndogo za kushikia kalsiamu. Bila kucha hizo damu hutiririka kama maji. Na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila vitamini K. Kila kinapobandika kucha moja, vitamini inachakaa, kisha kimeng'enya cha pili huifanya upya ili itumike tena. "Wawili hao hufanya kazi pamoja," alisema. "Ila umbo lao hakuna aliyeliona bado." Mtoto mchanga huzaliwa na vitamini hiyo kidogo sana, na maziwa ya mama hayampi ya kutosha. Niliyaandika hayo yote katika daftari, nikayakariri, nikafaulu mtihani. Nilidhani kukariri ndiko kujua.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Kabambare. Nilikwenda kwa pikipiki, hadubini nimeifunga mgongoni kwa kitenge kwa sababu sikumwamini dereva kwenye yale mashimo. Wanawake wa njiani waliniuliza mtoto wangu ana miezi mingapi. Niliwajibu kwamba huyu hanyonyi na halii, wakaniambia nina bahati.

Mkubwa wangu pale alikuwa Titulaire, ndiye muuguzi mkuu wa kituo. Familia za Kiislamu za pale zilikuwa na desturi ambayo nami nimelelewa nayo: mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya saba, siku hiyo hiyo hupewa jina na mbuzi huchinjwa. Ngariba alikuwa Papa Ramazani, mtu mpole, mkulima wa mpunga. Msimu huo watoto wawili walitokwa damu baada ya kutahiriwa. Mmoja aliokoka. Wa pili alifia mikononi mwa mama yake, kwenye mlango wa kituo chetu, na sura ya yule mama ninayo mpaka leo.

Titulaire aliniuliza sababu. Nilikuwa kijana, nina koti jeupe na hadubini peke yangu katika eneo lote. Nikaagiza kisu cha Papa Ramazani kiletwe, nikakipangusa, nikatazama, nikaona vijidudu. Kisu gani hakina vijidudu? Lakini niliandika ripoti kwamba kisu ndicho chanzo. Neli za damu zilikuwa ndani ya sanduku, sikuzigusa. Papa Ramazani akakatazwa kazi, na majirani wakaanza kusema ana mkono mbaya. Watu waliacha hata kununua mpunga wake.

Haukupita mwezi, akaletwa mtoto wa kike wa siku nne. Alikuwa anatokwa damu kitovuni na puani. Msichana, na hakuna kisu cha ngariba kilichomgusa. Nilimchoma kisigino, nikajaza neli, nikaanza kuvunja. Kipande cha kumi, hakuna uzi. Cha kumi na tano, hakuna. Neli ikaisha na damu bado inateleza. Nikamwambia Titulaire: "Vitamini K. Sasa hivi."

Ilikuwepo ampuli moja tu, kichupa kimoja cha dawa hiyo, imewekwa kwa ajili ya akina mama wa upasuaji. Titulaire aliitazama, akanitazama. "Weye una hakika?" akauliza.

"Damu ndiyo ina hakika," nikamjibu.

Alimdunga. Tulikaa naye tangu asubuhi mpaka jua likaanza kushuka, nikapima tena. Kwenye kipande cha tisa uzi ukaonekana. Nilifurahi, na papo hapo nikaona haya, kwa sababu sasa nilijua nilichomfanyia Papa Ramazani.

Kesho yake nilimfuata shambani. Nilimweleza yote, sikujipunguzia hata neno moja.

"Weye uliangalia kisu yangu mu microscope," akasema. "Damu ya mutoto uliiangalia?"

"Hapana, Papa."

"Sasa sababu gani uliandika?"

"Kiburi, Papa."

"Kama iko kiburi, itapona. Kaa, ukule."

Nilikula wali wake huku nalia. Kisha nikamwomba jambo: akirudi kazini, asimkate mtoto yeyote bila kuona kwenye fishi yake, ile kadi ya kliniki, kwamba alidungwa sindano ya vitamini K pajani siku ya kuzaliwa.

"Na kama baba yake iko mutu mukubwa?"

"Hata kama iko mutu mukubwa."

"Hata mutoto wa kwako?"

"Hata wa kwangu, Papa."

Nilikwenda kwa majirani zake nyumba kwa nyumba, nikasema kosa lilikuwa langu. Ripoti niliiandika upya. Halafu nikapanda pikipiki mpaka Kasongo kwa Daktari Mkurugenzi wa hospitali. Alisema ampuli ni chache na ni za upasuaji. Nilikaa kwenye benchi la mlangoni pake siku tatu, kila anapopita namsalimia kwa heshima. Siku ya nne akacheka mwenyewe, akanipa katoni moja na ahadi ya nyingine, na ahadi akaitimiza. Nilizifunga kwa kitambaa cheusi, maana mwanga huiharibu dawa hiyo. Tangu hapo, katika miaka yangu yote ya Kabambare, sikuona tena mtoto aliyedungwa akitokwa damu namna ile.

Wiki ya kustaafu, nimerudi Kasongo, daktari mmoja kijana alinionyesha kwenye simu umbo la vile vimeng'enya viwili. Cha pili, kile kinachoifanya vitamini upya, wataalamu walikigeuza kuwa fuwele, yaani punje zilizojipanga sawasawa kama za chumvi, wakazipiga eksirei na kusoma jinsi miale inavyotawanyika. Cha kwanza, kile kinachobandika kucha, kilikuwa kikaidi. Hicho walikigandisha kwa baridi kali wakakipiga picha kwa hadubini ya elektroni. Niliona kishimo ambamo vitamini inakaa. Na mbali kidogo niliona mahali ambapo protini hushikwa shingoni. "Ikishikwa hapo, Mama, haiachiwi mpaka kucha zibandikwe," kijana akasema. Nilimwomba anirudishie picha mara tatu. Maisha yangu yote nilikuwa nikihesabu kazi ya vitu hivyo kwa vipande vya kioo, na sasa nilikuwa navitazama uso kwa uso.

Mwaka jana binti yangu alijifungua mtoto wa kiume huko Nyangwe, nyumbani kwa shangazi yake, kwa kuwa uchungu ulimshika ghafla. Siku ya saba tulikuwa Kasongo, wageni wamejaa, mbuzi ameshachinjwa. Papa Ramazani alikwisha kufariki, Mungu amrehemu. Kazi alimwachia mwanawe Juma, naye tulimwita kutoka Kabambare kwa heshima ya baba yake. Juma alinawa mikono, akanyoosha kiganja.

"Fishi, Mama."

Fishi haikuwepo. Katika furaha yote ile, hakuna aliyekumbuka sindano, na mimi nikiwa wa kwanza kusahau. Nikamwambia Juma mtoto ananyonya vizuri, na mimi ndiye bibi yake, tena yeye Juma ananijua.

"Baba alisema bila fishi, hapana. Akataja na jina lako, Mama."

Nilikasirika, nisidanganye. Watu wananitazama, nyama inaiva, na mtoto wa Ramazani ananikatalia nyumbani kwangu. Halafu nikakumbuka lile shamba la baba yake na wali niliokula nikilia, na hasira ikaniisha.

Nilimchukua mjukuu wangu, nikapanda pikipiki, nikampeleka kudungwa. Tuliporudi wageni walikuwa wanakula. Juma alikuwa amefunga kisu chake katika kitambaa, amekaa nao.

"Tutakata kesho kutwa, dawa ikishafanya kazi," akasema, akanisogezea sahani.

Mtoto tulimpa jina siku ile ile. Anaitwa Ramazani.