Lugha Aliyobaki Nayo Mwinjilisti Wathome

Kiingereza ndicho kilichotangulia kumtoka. Halafu Kiswahili, ambacho alikuwa amekitumia kuhubiri miaka mingi, kikaanza kukatika katikati ya sentensi kama redio yenye betri kuukuu. Nzembi hakushtuka sana. Mumewe alikuwa ameshapita miaka sabini, na uzee una mambo yake. Alishtuka asubuhi ile Kikamba nacho kilipoondoka. Alikuwa amemletea uji kibarazani, akamwambia kwa lugha ya mama zao anywe kabla haujapoa. Mzee Wathome akamtazama kwa adabu, kama mgeni anavyomtazama mwenyeji asiyemfahamu, akamshukuru kwa Kiturkana, kisha akamwuliza yeye ni mke wa nani.

Nzembi akaketi pale pale sakafuni.

"Mimi ni wako," alimjibu kwa lugha hiyo hiyo.

Mzee akacheka kidogo. "Hapana, mama. Wangu yuko Lokori."

Kijiji kizima cha Kola hapakuwa na mtu mwingine aliyejua Kiturkana. Hawa wawili walikijua kwa sababu walipelekwa huko Lokori, nchi ya Waturkana, na kanisa lao wangali vijana. Siku waliyoagwa watu walijaa kanisani hadi madirishani, wakawawekea mikono, wakawaimbia, wakawapa kuku. Huko walichimba kisima, wakajenga kanisa la matope, wakazika watu na kubatiza watu. Ulimi wa Nzembi ulikuwa mwepesi kuliko wa mumewe. Miaka ile ya mwanzo yeye ndiye aliyemtafsiria mahubiri, na pale aliposikia neno kali mno alilipunguza ukali kabla halijafika kwa wasikilizaji. Wathome alipokuja kuijua lugha vizuri aligundua mchezo huo, na wakacheka hadi wakatokwa na machozi.

Lakini huko hakukuwa na shule. Watoto wao wawili, Kiema na dadake Mutanu, waliachwa Kola na nyanya yao. Wazazi waliwaona Krismasi, tena si kila Krismasi. Mutanu alipougua surua alikuwa darasa la pili. Habari zilifika Lokori kwa redio ya misheni wakati mito imefurika na barabara imekatika, na walipofika nyumbani udongo ulikuwa umeshaanza kukauka juu ya kaburi. Wathome alivua kofia, akamshukuru Mungu kwa maisha ya mtoto, sauti yake haitetereki hata kidogo. Hakudondosha chozi. Siku chache baadaye akasema kazi inawangoja. Kiema, ambaye alikuwa bado anavaa kaptula ya shule, alishikilia sketi ya mama yake mpaka gari likawashwa.

Tangu siku hiyo kulikuwa na kitu kimekaa katikati ya Nzembi na mumewe. Alimpikia, alimheshimu, alipiga magoti kando yake kila jioni. Lakini moyoni alimwita jiwe.

Sasa ilikuwa mwaka wa elfu mbili, walikuwa wamestaafu na kurudi Kola, na mvua ilikuwa imekataa tena. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Kiema, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, alifanya kazi kiwandani Athi River, na kila alipopata likizo alileta unga na sukari. Alikaa jikoni na mama yake wakazungumza. Lakini kwa baba yake Kiema alitoa salamu akiwa amesimama mbali, kama anavyosalimiwa chifu.

Nzembi alipomweleza kwamba baba yake amepoteza hata Kikamba, Kiema aliendelea kuchambua maharagwe.

"Basi amerudi kwa watoto wake," alisema mwishowe.

"Kiema!"

"Mama, ni uongo? Anawaita majina yao. Wa Lokori wote anawakumbuka. Mimi, umenitafsiria mwenyewe, ananiuliza kama nimekuja kurekebisha gari la misheni."

Nzembi aliomba apate jibu, na maombi yenyewe yakawa kama kutwanga maji. Kila asubuhi alimwambia Mungu maneno yale yale: tulikutumikia, sasa uko wapi? Kisha aliona haya, akaenda kuwasha moto.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kumzuia mzee asiondoke. Alifunga Biblia yake na blanketi kwenye gunia, akashika njia, akisema ng'ombe wanakuja kunywa na kisima hakijafunguliwa. Mara kwa mara majirani walimrudisha. Siku moja saa sita mchana Nzembi alimtafuta kila mahali, akamkuta chini kwenye mto mkavu, mahali ambapo wanawake walikuwa wakichimba mchanga kutafuta maji. Mzee alikuwa amepiga magoti kati yao, anachimba kwa mikono, kucha zimeingia damu, huku anasema kwa sauti kubwa, macho yameelekea juu.

Jirani yao Kalekye alikuwa pale. Siku hizo Kalekye alikuwa amehamia kanisa jipya lililokutana katika chumba cha kukodi sokoni Kola, na huko walifundishwa kungoja ishara, kama Roho kumpa mtu lugha asiyoijua. Aliangusha mtungi wake.

"Mnasikia? Mzee ananena kwa lugha!"

"Ni Kiturkana hicho, Kalekye," Nzembi alisema akimvuta mumewe mkono. "Anaomba jembe."

Lakini wanawake walikuwa wamekwisha kupiga magoti mchangani. Na kama bahati mbaya ilivyopanga, shimo lile alilokuwa akichimba mzee lilianza kutoa maji kidogo.

Habari zilizunguka haraka kuliko moto wa nyasi. Kesho yake watu watatu walibisha hodi. Jumatano kibaraza kilijaa. Walikuja wenye vidonda, wenye kesi za mashamba, mwanamke asiyepata mtoto. Walikaa miguuni pa mzee na kila neno alilotamka waliitikia amina. Wathome alifurahi kuona watu. Aliwauliza mbuzi wao wanaendeleaje, wakalia kwa furaha.

"Anauliza habari za mbuzi," Nzembi aliwaambia.

"Mama, usizuie baraka," mmoja alimjibu kwa upole, naye Nzembi akatamani kupiga kelele.

Pasta Titus wa kanisa lao wenyewe, kijana ambaye hakuwa amefika kwenye boma hilo tangu Pasaka, alisikia kwamba watu wake wanamfuata Kalekye. Akaja upesi. Alikunywa chai, akasema kanisa limechelewa kumheshimu mtumishi wake, kwa hiyo Jumapili ibada ya shukrani itafanyika hapa hapa nyumbani.

"Pasta, mume wangu ni mgonjwa," Nzembi alimwambia. "Ningependa tuombewe. Mimi pia. Sijui tena jinsi ya kuomba."

"Ndiyo sababu tunakuja, Mama," alisema Titus, akiangalia saa.

Jumapili walikuja kwa wingi, wakaleta viti na ngoma. Kiema alikuwa amefika jana yake bila kujua lolote, akasimama kando ya ghala tupu, mikono kifuani. Waliimba, wakahubiriwa, jua likawa kali. Kisha mwanamke kijana akapenya katikati na mtoto mchanga aliyelegea, akamweka mapajani mwa mzee.

Wathome alimshika mtoto yule kama mtu aliyezoea. Akaweka kiganja kwenye paji la uso wake. Uso wa mzee ukabadilika. Akaanza kusema, polepole mwanzoni, halafu kwa nguvu, na machozi yakatiririka hadi kwenye ndevu zake. Nzembi hakuwa amewahi kuona machozi ya mumewe ila ya kicheko.

"Tafsiri, Mama," Pasta Titus alinong'ona. "Wewe ndiye unayejua. Watu wanangoja."

Nzembi alijua vizuri namna ya kufanya. Ingetosha aseme Bwana anawapenda, mvua itanyesha, mtoto atapona. Alikuwa ameyalainisha maneno ya mtu huyu nusu ya maisha yake. Akafungua kinywa alainishe tena. Akamwona mwanawe pale ghalani, na hakuweza.

"Anasema mtoto anaungua," alianza. "Anasema, mwambieni nakuja. Mito imejaa lakini nakuja. Mwambieni Mutanu asilale."

Kiema alishusha mikono yake.

"Anasema, Akuj — ndivyo Waturkana wanavyomwita Mungu — nilichimba maji ya watoto wa watu. Nilishika watoto wa watu wakiwa na homa, nikakesha nao. Wangu alikufa akimwita nani? Anasema, nilikushukuru kaburini kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Nilikuwa nadanganya. Sikushukuru. Nirudishie mtoto."

Hakuna aliyeitikia amina. Mahali fulani nyuma kiti kilianguka.

"Mama, umechoka," Titus alisema, jasho likimtoka. "Mtumishi wa Mungu hawezi kusema hivyo."

"Ndivyo alivyosema."

"Basi si yeye!" Kalekye alipaza sauti. "Kuna kitu kimemwingia!"

Wakamzunguka. Walewale waliokuwa miguuni pake sasa waliweka mikono kichwani na mabegani, wakikemea, wakimsukuma huku na huku. Mzee alimkumbatia mtoto kwa hofu na kulia, "Ngakipi, ngakipi," maji, maji, na hakuna aliyesikia isipokuwa mkewe, na mkewe alikuwa amesukumwa nje ya duara.

Kiema ndiye aliyepenya. Alikuwa mtu wa viwandani mwenye mikono mizito, akaiondoa mikono yao mmoja mmoja.

"Mwacheni baba yangu," alisema. "Nendeni nyumbani."

Alimtoa mtoto mikononi mwa mzee, na alipougusa mwili wake naye akashtuka. "Huyu anaungua kweli. Mama yake yuko wapi? Twende dispensari sasa hivi." Akatoka mbio na yule mwanamke, wakawaacha watu wamesimama. Ilikuwa malaria. Kutoka dispensari walipelekwa Machakos mjini, mtoto akalazwa, akapona baada ya siku kadhaa, lakini huo haukuhesabiwa muujiza wa mtu yeyote.

Boma likabaki na viti na maganda ya ndizi. Nzembi alimnywesha mumewe maji, akamfuta uso. Hapo ndipo alipoelewa kilichompata. Miaka yote hiyo alikuwa amelala kando ya mtu mwenye jeraha sawa na lake, akidhani amelala kando ya jiwe. Wangeweza kulia pamoja, na sasa aliyebaki wa kulia alikuwa yeye peke yake.

Alishika mikono ya mzee. Akamwambia kwa Kiturkana, taratibu, akichagua kila neno, "Baba Kiema, na mimi sikushukuru. Unanisikia? Mimi ni mama yake Mutanu. Nilikukasirikia bure. Nisamehe."

Wathome alimsikiliza kwa makini sana.

"Pole, mama," akamwambia. "Na wewe umefiwa na mtoto? Mke wangu akija atakuombea. Yeye anajua kuomba."

Nzembi alimrudia tena na tena, alasiri yote, kwa maneno mengine, kwa Kikamba, kwa jina la utani alilompa wakiwa wachumba. Hakufika popote. Mlango ulikuwa umefungwa na yeye yuko nje.

Kiema aliporudi alimkuta mama yake amekaa chini kibarazani, kitambaa kimemtoka kichwani. Akaketi kando yake.

"Kwa nini hakutuambia kwa lugha tunayoijua?" aliuliza.

"Sijui, mwanangu."

"Mimi ningemsikiliza, Mama. Ningemsikiliza hata kama angekuja usiku wa manane."

Akalia, akiwa na mvi zake, na Nzembi akampapasa mgongo vile ambavyo hakuwahi kupata nafasi ya kumpapasa alipokuwa mdogo.

Kuanzia hapo Kiema alikuja mara nyingi zaidi. Alimwogesha baba yake, akamkata kucha, akamsikiliza akieleza habari za ng'ombe bila kuelewa chochote. Mzee alimpenda, akamwita fundi. Hakuwahi kumjua. Mwaka uliofuata, mvua zilipokuwa zimerudi na njia ya kwenda Kola imejaa matope, Wathome aliacha kula, na baada ya siku chache akafa bila kusema neno katika lugha yoyote.

Mazishini Pasta Titus alisimama na kipaza sauti, akasema hapa amelala mtumishi ambaye hakunung'unika hata siku moja. Watu waliitikia amina. Kiema alimgeukia mama yake, akingoja. Nzembi alitazama shimo lile lililochimbwa karibu na kaburi la Mutanu. Hakuwa na nguvu za kutafsiri tena.

Bado anaenda kanisani. Hukaa viti vya nyuma na haondoki kabla ya mwisho. Wengine wanapofumba macho yeye huyafumbua. Kiema humsindikiza hadi langoni, na Jumapili moja alimwuliza kama bado anaamini.

"Usiniulize," Nzembi alimjibu. "Nina hasira, Kiema. Naileta hapa kwa sababu nikimpelekea mtu mwingine itamuua."

Alisema hivyo bila kupaza sauti, akaingia ndani. Kiema alibaki nje ukutani, kama kawaida yake, mpaka ibada ikaisha.