Mlango wa Ndugu Yangu

Kwetu Marani, mwanaume hazikwi kama hana nyumba. Lazima jeneza liingie ndani kwanza. Ndugu yangu mkubwa alikufa akiwa na matofali tu, zile mpya za kushikana bila simiti, na mchoro kwa daftari. Nilikuwa nikimcheka, "Bro, hii ni nyumba ama mchezo wa watoto?" Alikuwa ananijibu, "Ngoja, utaona."

Tuliijenga kwa siku mbili, vile tu alichora. Jeneza likafika, likakataa kuingia. Mlango ulikuwa mwembamba kama yeye mwenyewe. Mama akaanza kulia upya. Nikang'oa matofali ya kando ya mlango na mkono, moja moja, tukamwingiza, nikayarudisha. Ukuta haukuonyesha kitu. Nikageuka kumwambia ameshinda.