Mlolongo wa Wasio na Kadi

Jiwe la kwanza la bwawa lile Kalondu alilibeba mgongoni akiwa na mimba ya Kavata. Wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kazi za pamoja, walilijenga kwa misimu miwili, wakipokezana mawe na nyimbo. Mvua ilipolijaza, Diwani Muthama akalizungushia ua wa miiba, akasema ni la ng'ombe wake. Mume wa Kalondu alienda kulalamika, akarudi kimya. Kimya hicho Kalondu hajamsamehe mpaka leo.

Kwa hiyo ulipofika mwaka wa kupiga kura kwa mlolongo, kila mtu nyuma ya mgombea wake, Kalondu alijua atakaposimama: nyuma ya Kilonzo, mpinzani wa Muthama, aliyeahidi kuung'oa ule ua. Asubuhi na mapema alikuwa uwanjani pa shule, Kathonzweni, amepanga foleni. Katibu wa chama akapita akidai kadi ya uanachama. Asiye nayo alipe shilingi ishirini au atoke.

Muthama akamwona hana kitu mkononi. "Mama Kavata, njoo huku kwangu nikulipie."

"Maji yangu unayo, diwani. Sasa unataka na miguu?"

Watu wakacheka, hata wa foleni ya Muthama. Kalondu akamgeukia katibu.

"Uhuru ulipokuja, hakuna aliyetuambia una bei. Kura ni yangu. Mbona naiuziwa?"

Katibu akamwonyesha njia. Kalondu akatoka, lakini hakwenda nyumbani. Alisimama kando ya uwanja, juani, peke yake. Bilha, mwenzake wa mwethya, naye alipofukuzwa akaja akasimama nyuma yake. Wakafuata wajane, wakafuata wazee waliokosa hata mbuzi wa kuuza mwaka ule wa njaa. Kufikia adhuhuri foleni mbili za wenye kadi zilienea kati ya magoli tu, na hii ya tatu ilikuwa imevuka barabara.

Katibu alihesabu zile mbili tu, akamtangaza Muthama mshindi. Hapakuwa na kigelegele.

"Sisi hatukuhesabiwa," Bilha akasema.

"Lakini tumeonekana," Kalondu akajibu. "Twendeni."

Mlolongo ukaondoka vilevile ulivyosimama, moja kwa moja hadi bwawani. Wakaung'oa ua, wakapokezana miiba mkono kwa mkono, kama mawe zamani. Muthama alifika na askari wake wawili, akatafuta mwisho wa ile foleni kwa macho, hakuuona. Akawaambia askari wasogee kando, wawapishe.

Kalondu alichota mtungi wa kwanza. Hakuna aliyemdai kadi.