Kuni za Wamama wa Kanisa
Juzi hapa mtaani Tuwan niliona wamama wakipita kimya na kuni kichwani, nikajua kuna nyumba imefiwa. Nikiwa mtoto kule Kabuchai sikujua hivyo. Baba alikuwa amelazwa hospitalini Kitale, na kwetu kuni na unga vilikuwa vimeisha. Mchana huo Mama alipiga magoti jikoni, kwenye harufu ya majivu baridi, akimwombea Baba apone. Nikasikia mizigo ya kuni ikitupwa uani, nikawaona wamama wa kanisa, mmoja amebeba unga.

“Mama, Mungu amejibu! Wametuletea kuni na unga!”

Mama aligeuka akawatazama kupitia mlangoni, lakini hakuinuka. Alifumba macho, na jina la Baba hakulitaja tena.

“Bwana, wewe usituache.”

Nikaitikia amina kwa sauti, nikifurahi kwamba tutakula.