Bibi Akakataa Kutoa Ruhusa

Jina la Lifti hakulipata ugenini, alikwenda nalo. Siku ilipojulikana mtaani kwao kwamba anaenda nje kusomea kutengeneza lifti, watu walicheka mpaka wakashika mbavu, maana nyumba zote za pale ni za chini, ukipanda sana umepanda kibaraza. Mama yake peke yake ndiye hakucheka. Alisema nyumba zinakua kama watoto, iko siku mtamtafuta.

Basi Lifti akaenda, akasoma miaka miwili, viganja vikaota sugu kwa kuvuta nyaya, akafanya mtihani, akapita. Ikabaki kuaga tu, arudi nyumbani.

Na kuaga ndiko kulikomtoa jasho kuliko mtihani. Mama alimpigia simu akamwambia asitoke kwenye nyumba za watu kama paka. Kila aliyemkalisha, aende akamuombe ruhusa, kwa sababu ukiondoka na kinyongo cha mtu, hata kazi inakukataa. Lifti mjanja, mbishi pia, lakini neno la mama yake halipuuzi.

Tabu ni kwamba watu wa mji ule hawana mambo ya kuagana. Ni neno moja mlangoni, mlango unafungwa, yamekwisha. Alipokwenda kumuaga kinyozi, kinyozi akadhani anataka kunyolewa bure. Muuza magazeti akamuuliza kama kuna kitu amepoteza. Mwalimu wake wa karakana, mtu mnene mwenye kalamu sikioni siku zote, alimsikiliza mpaka mwisho, akampa bisibisi yake mwenyewe aliyoizoea, halafu akageuka haraka kwenda kukagua mota ambayo haikuwa na tatizo lolote. Huyo angalau alielewa.

Akabaki Bibi.

Bibi ndiye mwenye nyumba aliyempangisha chumba. Mjane, sauti kama mlango unaotaka mafuta, anakaa ghorofa ya nne ya jengo ambalo, Mungu naye ana utani wake, halina lifti. Siku ya kwanza Lifti alimwita bibi kwa lugha ya pale, akajibiwa kwamba yeye si bibi yake na hakumbuki kuzaa ukoo wa watu warefu hivyo. Lifti akaendelea tu kumwita bibi, maana mtu mzima vile umwite nani? Kidogo kidogo akawa anaitikia. Wakaishi kwa kugombana vizuri: dirisha lifungwe au liachwe wazi, redio ipunguzwe, sufuria nani kaiacha na ukoko.

Siku ya safari, asubuhi, sanduku liko mlangoni, Lifti akavaa shati lake la kola, akaingia jikoni. Bibi alikuwa anamenya viazi. Lifti akakaa kwa adabu, magoti pamoja, akachukua maneno yetu ya kuagia, akayageuza neno kwa neno kwa lugha ya pale.

"Bibi, naomba ruhusa niondoke."

Sasa kwetu hayo ni maneno ya heshima tu. Mwenyeji anatania kwamba hatukuruhusu, mgeni anacheka, ruhusa inatoka, unasindikizwa. Bibi angeyajulia wapi? Aliweka kisu chini, akafikiri kwelikweli, kama hakimu.

"Hapana," akasema, akachukua kiazi kingine.

Lifti akacheka, akangoja sehemu ya pili. Haikuja. Akaeleza kwamba ndege haimngoji mtu. Bibi akamwambia hakuna aliyemfunga kamba, mlango ule pale. Lifti akasema haya, basi naomba ruhusa. Jibu likawa lile lile.

"Sasa Bibi, mbona unanifanyia hivi?"

"Wapangaji wangu wote wameondoka hivi hivi, ufunguo mezani. Hakuna aliyeniuliza kitu. Wewe umeniuliza. Nimeulizwa, nimejibu."

Lifti akalitazama sanduku mlangoni. Angeweza kubeba sanduku akashuka, nani angemshika? Lakini umeomba ruhusa, umenyimwa, halafu unatoka? Si bora usingeomba kabisa. Hicho ndicho kinyongo chenyewe alichoambiwa akikimbie, na amekitengeneza kwa mdomo wake. Akafanya kile anachofanya kila mtoto aliyebanwa, akampigia mama kwa video.

Mama akatokea kwenye simu, paji la uso na dari nyingi. Akaelezwa. Lifti alitegemea atacheka. Mama akajifunga kitambaa chake vizuri, akaisogeza simu.

"Nipe mwenzangu."

Hapo Lifti akawa mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Mama alianzia mbali kama mtu aliyekuja kuposa: habari za asubuhi, za magoti, za baridi. Mwisho akasema Bibi amekaa na kijana miaka miwili, sasa ni zamu yake yeye mama. Bibi akauliza kama huko kwao kijana anaosha vyombo. Mama akajibu hajawahi kumwona na kijiko isipokuwa anakula. Bibi akasema hapa anaosha, na sufuria anaisugua mpaka chini. Mama akamtazama mwanawe kwa jicho ambalo Lifti alijua litamngoja mpaka atakapofika nyumbani.

"Mwambie asante kwa kunilelea," mama akasema. "Nilimpelekea mvivu."

Hilo Lifti alilitafsiri taratibu. Bibi akafuta mikono kwenye aproni, ikakauka, akaendelea kuifuta. Akasema haya, ruhusa ametoa, ila hampi kijana, anampa mama yake.

Yangeishia hapo, lakini wale wawili ndiyo kwanza wamepata kasi. Bibi kashika simu anaonyesha viazi, mama naye anaonyesha jiko lake, kila mmoja kwa lugha yake, wanaitikiana, na mkalimani kasahauliwa amesimama na koti begani. Akasema mama, ndege. Mama akamuuliza tangu lini anaingilia watu wazima wakiongea.

Hatimaye Bibi akamrudishia simu, akavaa koti juu ya aproni, akashika mpini mmoja wa sanduku. Wakaanza kushuka.

"Mama yako anasema umekonda," Bibi akasema, "na kwamba lawama ni zangu."

Lifti akasimama. Mama alisema hivyo hivyo, na yeye hilo hakulitafsiri, aliliruka kwa aibu.

"Tembea," Bibi akasema. "Ndege haimngoji mtu."

Wakashuka ghorofa zote nne, sanduku likigonga kila ngazi, wanabishana nani kabeba upande mzito.